Mng'ao wa Uso: Mafuta, Sabuni na Uso wa Mwanamume katika Historia Yetu

Maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii nimewafundisha wanafunzi wengi, nikiwaeleza kwamba neno nalo ni kama maji: likishatoka kinywani halirudi. Hata hivyo, kufundisha methali ni jambo moja na kuishi kwayo ni jambo jingine. Siku moja ya jua kali, katika darasa la alasiri hapa Ngagara, nilimwita mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka kumi na saba hivi, asimame asome. Jasho na mafuta vilikuwa vimemtanda usoni, na mwanga wa dirishani ukampiga kwenye paji la uso. Nikasema kwa mzaha kwamba uso ule ungefaa kuwa kikaango, tukakaanga mayai bila kuni. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye mwenyewe alicheka pia, kisha akasoma ukurasa wake bila kukosea hata neno moja.

Kicheko kile ndicho kilichonifanya niandike makala haya, kwa sababu ambazo msomaji atazipata mbele. Kusudi langu ni kueleza kwa ufupi historia ya mng'ao wa uso, hasa uso wa mwanamume: jinsi ulivyopendwa, jinsi ulivyogeuzwa kuwa aibu, na jinsi lugha yetu ya Kiswahili ilivyobeba mageuzi hayo yote. Walimu wenzangu wasidhani kwamba jambo hili ni dogo mno kwa taarifa ya chama chetu. Mambo makubwa ya historia, yaani biashara, ukoloni, miji na mitambo, mara nyingi huonekana wazi zaidi katika mambo madogo ya kila siku.

ZAMA ZA MAFUTA

Kabla sabuni ya kiwandani haijafika katika nchi zetu, mafuta ndiyo yaliyokuwa kipodozi kikuu cha mwili, kwa wanaume na kwa wanawake. Katika vilima vya Burundi siagi ya ng'ombe ilikuwa chakula, na ilikuwa pia mafuta ya kujipaka. Kirundi hadi leo hutumia neno moja, amavuta, kwa siagi na kwa mafuta ya kila aina, na neno hilo ni ndugu wa damu wa neno letu mafuta.

Ukiteremka kutoka vilimani hadi ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, unakutana na mti mwingine wa baraka, nao ni mchikichi. Mafuta yake Waswahili huyaita mawese, na Warundi huyaita amamesa; sikio lolote litasikia kwamba maneno hayo mawili yamekaa jirani kwa muda mrefu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, waliikuta michikichi ufuoni, na Burton aliandika habari za mafuta yake. Hadi leo Rumonge, kusini mwa Bujumbura, inajulikana kote nchini kwa michikichi yake.

Pwani nako mambo yalikuwa hayo hayo, ila mafuta yalikuwa ya nazi na ya ufuta. Pamoja na hayo, watu wa pwani walikuwa na liwa, yaani mti wenye harufu nzuri unaosagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, ukapakwa usoni kuipoza ngozi na kutuliza vipele. Ni vema kuikumbuka liwa, kwa maana inatuonyesha kwamba wazee wetu walijua kuipaka ngozi kavu mafuta na kuipoza ngozi yenye joto. Hawakuwa na dawa moja kwa kila uso.

Wala jambo hili halikuwa la Afrika peke yake. Wanariadha wa Uyunani ya kale walijipaka mafuta ya zeituni kabla ya mazoezi, kisha wakayakwangua pamoja na jasho na vumbi kwa kijiti cha chuma kilichopinda. Mwili uliong'aa kwa mafuta ulikuwa mwili wa mwanamume aliyekamilika. Na dini za Mashariki ya Kati zimetuachia neno Masihi, ambalo maana yake ni mpakwa mafuta: mtu aliyetengwa kwa heshima kuu.

Sababu ya heshima hiyo si ngumu kuieleza. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, upepo mkavu hupasua midomo na visigino, na ngozi nyeusi iliyokauka huonyesha weupe kama wa majivu. Mafuta huzuia maji ya ngozi yasipotee. Mtu aliyeng'aa, basi, alikuwa mtu mwenye afya, mwenye ng'ombe au mchikichi, na zaidi ya yote mwenye watu wa kumtunza. Mtu aliyepauka alidhaniwa kuwa mgonjwa, mwenye njaa, au mpweke.

Lugha yetu imehifadhi hukumu hiyo. Tunasema mtoto amenawiri, bibi arusi ana nuru, uso umeng'aa kwa furaha. Na kwa upande wa pili tunasema mtu amepauka, amefubaa, amesinyaa. Mtu asiyeona haya husemwa ana macho makavu. Hata mdanganyifu tunamsema kwamba amempaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa, maana yake ni kwamba amempa maneno matamu yasiyo na kitu ndani. Kama mafuta yasingekuwa kitu cha thamani, udanganyifu huo usingekuwa na uchungu wowote.

SAFARI YA SABUNI

Neno sabuni limesafiri mbali kabla ya kutufikia. Tumelipokea kutoka Kiarabu, nacho kina neno hilo kwa pamoja na lugha za kale za Ulaya, Kilatini na Kiyunani. Mwandishi Mrumi Plinio, aliyeishi katika karne ya kwanza, anaeleza kwamba sapo ilikuwa dawa ya kutia nywele wekundu iliyobuniwa na watu wa Galia, na kwamba kwa Wajerumani wanaume ndio walioitumia zaidi kuliko wanawake. Kumbe sabuni ilipoingia katika maandishi ya Warumi iliingia kama kipodozi cha wanaume! Kutoka kwetu neno hilo likapanda vilimani, na Warundi leo wanasema isabuni.

Sabuni ni nini? Ni mafuta yaliyopikwa pamoja na magadi au soda kali mpaka yakageuka asili yake. Jambo hili ni la ajabu na linastahili kutafakariwa: kitu kinachoondoa mafuta kimetengenezwa kwa mafuta. Zamani kilikuwa kitu cha gharama. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hataza ya njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, na katika karne iliyofuata viwanda vya sabuni vikaenea Ulaya. Mwaka 1884 Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni aliyoiita Sunlight, na mwaka 1894 akaleta Lifebuoy, ambayo jina lake bado linajulikana madukani kwetu.

Viwanda hivyo vilikuwa na njaa isiyoshiba ya mafuta, na mafuta hayo yalikuwa Afrika. Mwaka 1911 Lever alitiliana mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo. Kwenye mto Kwilu ukajengwa mji ulioitwa Leverville, ambao leo ni Lusanga. Kazi ya kupanda michikichi na kukata mikungu ilikuwa ya hatari na ya shuruti, na ujira wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1931 Wapende wa eneo hilo waliasi dhidi ya kodi na kazi hiyo, na uasi wao ukazimwa kwa risasi.

Hapo ndipo tunapokutana na kitendawili cha historia hii. Mawese, mafuta yaliyokuwa yakiing'arisha ngozi ya Mwafrika, yalivuka bahari, yakapikwa kwa soda, kisha yakarudi katika karatasi nzuri yakiwa sabuni ya kuuondoa mng'ao ule ule, na Mwafrika akatakiwa kuyanunua. Pamoja na mche wa sabuni lilikuja fundisho. Katika miaka ya 1880 sabuni ya Pears ilitangazwa huko Uingereza kwa picha ya mtoto mweusi anayeogeshwa akawa mweupe. Ujumbe haukuhitaji kufafanuliwa: uchafu na weusi viliwekwa katika beseni moja.

Haifai kuisingizia sabuni yenyewe. Sabuni imeokoa maisha mengi kwa kuondoa vijidudu mikononi, na hakuna mzazi anayetamani kurudi katika siku za kabla yake. Ninachosema ni kwamba kitu chema kilikuja kikiwa kimefungwa pamoja na wazo baya, nasi tukavipokea vyote viwili bila kuvitenganisha.

USUMBURA NA KOLA NYEUPE

Mji wetu ulianza mwaka 1897 kama kituo cha askari wa Kijerumani kwenye ufuo wa ziwa. Wabelgiji waliutwaa mwaka 1916, wakaufanya makao ya utawala wa Ruanda-Urundi, nao ukaitwa Usumbura hadi uhuru wa mwaka 1962. Waswahili, wengi wao Waislamu, walikuwa na mtaa wao wa Buyenzi, ambao hadi leo ni ngome ya lugha yetu. Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda shirika la kujenga mitaa ya Waafrika katika Kongo na Ruanda-Urundi, lililojulikana kwa kifupi OCAF. Nyumba zake hapa Usumbura zilisimamishwa katika mistari iliyonyooka kaskazini mwa mji, na mtaa huo ndio Ngagara. Wazee wengi waliendelea kuuita Okafu muda mrefu baada ya Wabelgiji kuondoka.

Mtaa wa namna hii ulileta maisha ya namna mpya. Mwanamume aliyeamka vilimani kwenda kuchunga au kulima hakuwa na haja ya kujitazama usoni. Karani wa mjini alikuwa na kioo ukutani, wembe, shati jeupe na saa ya kuingia kazini. Mafuta yaliyokuwa fahari juu ya ngozi yakawa doa kwenye kola ya shati, na kidole kilichogusa shavu kiliacha alama juu ya karatasi ya ofisi. Ndevu nazo zikatakiwa kunyolewa kila asubuhi. Kwa kuwa nywele zetu zimejisokota, nyingi hujikunja baada ya kunyolewa na kuichoma ngozi upya, zikaleta vipele shingoni na kidevuni. Hivyo uso wa mwanamume, ambao haukuwa na kazi nyingine ila kutambulikana, ukapewa kazi ya kutunzwa.

Hata hivyo mafuta hayakushindwa kwa urahisi. Mwaka 1872 Mmarekani Robert Chesebrough alipata hataza ya mafuta mazito yatokanayo na petroli, akayaita Vaseline, na hatimaye mafuta ya namna hiyo yakafika katika kila duka la Mwarabu na Mhindi Afrika Mashariki. Kwa hiyo mji ukawa na desturi ya hatua mbili: kwanza unaoga kwa sabuni, kisha unajipaka mafuta. Mimi nilikulia katika desturi hiyo. Kila asubuhi mama alitushika kidevu mmoja baada ya mwingine, akatupaka mafuta ya kopo mpaka tukameremeta kama viatu vipya. Kutoka nyumbani bila kung'aa ilikuwa ni kumwaibisha mama, kwa maana majirani wangesema watoto wake hawana mtu.

Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba mng'ao ulianza kudharauliwa siku sabuni ilipofika. Katika Ngagara ya miaka ya 1980 uso uliong'aa bado ulikuwa uso wa mtoto anayependwa. Mng'ao huo ulikuwa bado haujakutana na adui wake mkubwa.

JICHO LA KAMERA

Adui huyo alikuwa kamera. Jicho la mwanadamu huutazama uso mzima ukiwa katika mwendo, ukisema na kucheka. Kamera hukamata nukta moja ya wakati, na mwanga unaorudi kutoka kwenye mafuta huiachia picha doa jeupe. Watengenezaji wa filamu waliligundua tatizo hili mapema. Mwaka 1938 kampuni ya Max Factor huko Marekani ilianza kuuza poda iliyoshindiliwa iitwayo Pan-Cake, ambayo ilikuwa imebuniwa kwa waigizaji wa filamu za rangi, kwa sababu vipodozi vya zamani vilimeremeta mno chini ya taa za studio.

Kisha ikaja televisheni. Tarehe 26 Septemba 1960, Richard Nixon na John Kennedy, waliokuwa wakigombea urais wa Marekani, walijadiliana mbele ya kamera, na watu wapatao milioni 70 wakawatazama. Nixon alikuwa ametoka kuugua. Alikataa kupambwa na mafundi wa studio, akapakwa tu poda ya kuficha ndevu, na chini ya joto la taa jasho likamng'arisha kidevu. Wengi walisema baadaye kwamba alionekana mtu mwenye wasiwasi. Tangu siku hiyo hakuna mwanasiasa makini anayekaa mbele ya kamera kabla ya kupanguswa uso.

Kwa watu weusi shida ilizidi. Kwa miongo mingi filamu za picha na vipimo vya rangi katika maabara vilisawazishwa kwa kutumia picha za wanawake weupe, hasa kadi za kampuni ya Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeusi ilitoka ikiwa giza tupu, na juu ya giza hilo mwanga wa kamera ukaacha mabaka meupe kwenye paji la uso na pua.

Mimi mwenyewe nilionja jambo hilo mwaka 1998, nilipopiga picha ya kitambulisho. Mpiga picha aliniambia, "Jipanguse, kijana, unamulika kama taa." Nilijipangusa kwa mkono wa shati, lakini picha ilipotoka nilionekana kama mtu aliyemwagiwa maziwa usoni. Niliibeba picha ile miaka kadhaa, na kila askari aliyeitazama kwenye kizuizi nilidhani ananicheka. Nikaanza kuosha uso kwa sabuni ya kufulia nguo, mara nne, mara tano kwa siku. Baada ya wiki mbili ngozi ilichubuka pembeni mwa pua, ikauma kila nilipotabasamu, na bado ifikapo saa sita mchana paji la uso lilikuwa linang'aa kama kawaida. Niliacha kwa sababu ya maumivu, wala haikuwa kwa sababu ya busara.

Kijana wa leo hana picha moja ya kitambulisho. Ana simu, na katika simu hiyo ana mamia ya nyuso zake mwenyewe, na pembeni yake nyuso za waimbaji zilizosafishwa kwa mitambo mpaka zikakosa kitundu hata kimoja. Kile nilichokibeba mfukoni, yeye anakibeba kiganjani.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Sasa niirudie habari ya kijana wangu. Wiki kadhaa baada ya mzaha ule alianza kuja shuleni amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Nilipomwamuru aivue, niliona mashavu yamekuwa mekundu, yamejaa vipele vidogo, na chini ya macho ngozi imekuwa nyembamba na yenye rangi mbili. Nilimchukua kando nikamwuliza kulikoni. Akanijibu kwa adabu, macho yake yakitazama chini: "Mwalimu, nilitaka kuondoa kikaango."

Alikuwa amekwenda sokoni akamweleza mchuuzi kwamba uso wake unang'aa. Mchuuzi akampa kopo lisilo na maandishi, akamwambia ni dawa ya kung'arisha uso. Walimu wa lugha, tutazame neno hilo! Kijana alitaka kuondoa mng'ao, akauziwa kitu cha kung'arisha, na wala hakuona kinyume chochote, kwa kuwa katika lugha ya masoko yetu kung'arisha kumepata maana ya pili, yaani kuufanya uso uwe mweupe. Neno lililokuwa la mama na kopo lake la mafuta limetwaliwa na biashara ya kujichubua. Tanzania mchanganyiko wa namna hiyo huitwa mkorogo, na jina hilo lina ukweli zaidi, maana linakiri kwamba muuzaji amekoroga vitu tu.

Historia ya vitu hivyo nayo inafaa kujulikana. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi waliokuwa wakivaa glavu za mpira walipoteza rangi mikononi. Chanzo kilikuwa kemikali iliyotiwa katika mpira, ndugu wa ile iitwayo haidrokwinoni. Ajali ya kiwandani ikafungua mlango wa biashara. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuleta mabaka ya rangi ya samawati na nyeusi yasiyoondoka kwa urahisi. Zebaki, ambayo nayo hutiwa katika krimu na sabuni za namna hii, huharibu figo. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo daktari huzitumia kwa muda mfupi na kwa kipimo, huipunguza ngozi unene, huleta vipele, na zikiachwa ghafla uso huwaka upya.

Serikali nyingi zimechukua hatua. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliyataka mataifa yakomeshe kufikia 2020 vipodozi vilivyotiwa zebaki kupita sehemu 1 kwa milioni. Kenya na Tanzania zilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na jirani zetu wa Rwanda walianza msako mkali madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Lakini kopo lisilo na maandishi halisomi sheria. Linapita mipakani mfukoni, na linamfikia kijana kwa njia ya neno.

MAARIFA YA LEO

Wataalamu wa ngozi wanatufundisha kwamba mafuta ya uso hutoka katika tezi ndogo zilizo kando ya mashina ya nywele, na kwamba tezi hizo hupata amri kutoka kwa homoni za kiume, ambazo huongezeka wakati wa balehe. Ndiyo maana vijana wa kiume hung'aa zaidi, hasa paji la uso, pua na kidevu. Joto la Bujumbura, mji ulio ufuoni mwa ziwa mita zisizozidi 800 juu ya bahari, huongeza jasho juu ya mafuta. Ndugu yake anayesoma Gitega, kule juu vilimani, huenda akang'aa kidogo kuliko yeye, ingawa wamezaliwa na mama mmoja.

Basi kusugua hakuwezi kuizima tezi. Sabuni kali huondoa mafuta ya juu na kuipasua ngozi, huku tezi zilizo chini zikiendelea na kazi yake. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, kipimo chake ni karibu 5, ilhali sabuni ya mche hufika 9 au 10. Hapo ndipo nilipoelewa mashavu yangu ya mwaka 1998.

Yafaayo ni machache na si ya gharama. Osha uso mara mbili kwa siku, na baada ya jasho jingi, kwa maji ya vuguvugu na sabuni nyepesi ya uso isiyo na harufu kali. Usitumie mchanga, ndimu wala sabuni ya kufulia. Paka mafuta mepesi yasiyoziba vitundu, kidogo tu. Mafuta mazito ya kopo yabaki kwa visigino na mikono. Mchana, karatasi laini ikibandikwa usoni bila kusugua huyanyonya mafuta ya ziada. Unyoapo, lainisha ndevu kwa maji kwanza, tumia wembe safi, ufuate mwelekeo wa nywele, wala usiazime wembe wa mwenzako. Vipele vikizidi au vikiacha makovu, muone mhudumu wa afya, kwa maana zipo dawa za kweli zinazopimwa kwa mtu na mtu. Na kopo lisiloeleza ndani yake mna nini, usilifungue.

Haya yote yatapunguza mng'ao bila kuumaliza. Wala hakuna sababu ya kuumaliza, kwa kuwa mafuta hayo ni kinga ya ngozi yenyewe, yale yale ambayo babu zetu waliyatafuta katika siagi na mawese.

HITIMISHO

Tumeona, basi, kwamba mng'ao ulikuwa dalili ya afya na upendo katika zama za mafuta. Sabuni ikaja na somo lake. Kola nyeupe ikauona kuwa doa. Kamera ikaufanya aibu. Na soko likaugeuza kuwa ugonjwa wenye dawa ya kuuzwa. Hatuna sababu ya kudhani kwamba ngozi ya kijana wa Ngagara inatoa mafuta mengi kuliko ya babu yake. Macho yanayoitazama ndiyo yaliyoongezeka.

Nawapendekezea walimu wenzangu mambo mawili. La kwanza, katika vipindi vya msamiati tuyarudishie maneno haya uzito wake: kunawiri, kutakata, kupauka, kung'aa, kung'arisha. Mwanafunzi akijua kwamba kung'arisha si lazima kuwe kuchubua, atakuwa na swali la kumwuliza mchuuzi. La pili ni letu wenyewe. Mzaha wa mwalimu juu ya mwili wa mwanafunzi ni kitu kizito. Kicheko cha darasa huisha kwa dakika moja, lakini mtoto hurudi nacho nyumbani.

Kijana yule nilimpeleka kwa daktari wa ngozi, na nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililocheka. Wekundu umepungua, mabaka yaliyo chini ya macho bado yapo, na daktari amesema yatachukua muda mrefu. Muhula huu ameanza tena kusoma kwa sauti. Alasiri, jua likiingia dirishani, paji la uso wake hung'aa kama zamani, nami huinamisha macho kitabuni nikamfuata mstari kwa mstari.